Kumbukumbu ya mradi wangu: saa nane mchana kwenye sayari HD 189733 b

Juni 8

Mradi huu ulianzia kwenye meza za kukaushia kahawa. Mama yangu, ambaye amelima kahawa Mbozi tangu sijazaliwa, hana kipimajoto, lakini anajua ni saa ngapi kahawa ifunikwe ili ganda lisipasuke, na anajua pia kwamba joto kali la mchana si la saa sita. Mwezi uliopita, nilipokwenda kumsalimu, nilimwambia kwamba jua likifika utosini ndipo joto linapofika kileleni. Alinijibu akiendelea kugeuza kahawa yake: "Mwanangu, saa sita ndiyo kwanza moto unawashwa. Chungu huchemka saa nane."

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Mbeya, na nilipaswa kulikumbuka hilo kabla ya kukosolewa. Baada ya saa sita jua huanza kuteremka, lakini ardhi na hewa huendelea kupokea joto jingi kuliko linalopotea, na kwa hiyo kilele huchelewa hadi saa nane au saa tisa. Usiku ule niliporudi mjini nilikuwa nasoma habari za sayari kubwa za gesi zinazozunguka karibu mno na nyota zao, nikakutana na tarakimu moja ambayo haijaniacha tangu siku hiyo.

Sayari yenyewe inaitwa HD 189733 b. Iligunduliwa mwaka 2005, iko umbali wa miaka-nuru 64 hivi kutoka kwetu, ina ukubwa unaoipita kidogo Mshtarii, yaani Jupita, na huizunguka nyota yake kwa siku 2.2 tu. Iko kilomita milioni 4.6 hivi kutoka kwenye nyota hiyo, umbali ambao ni mdogo zaidi ya mara 12 kuliko ule wa Zebaki kutoka kwenye Jua letu. Kwa ukaribu huo, nguvu ya uvutano ya nyota imeifunga sayari ielekeze uso mmoja kwenye nyota daima, kama Mwezi unavyotuonyesha uso mmoja. Maana yake ni kwamba kule saa sita mchana si wakati bali ni mahali, na machweo pia ni mahali. Ukienda mashariki digrii 15 umesogea saa moja mbele, na ukienda digrii 90 umefika saa kumi na mbili jioni isiyokwisha.

Mwaka 2007 Heather Knutson na wenzake walichapisha ramani ya joto ya sayari hiyo, waliyoipata kwa kuitazama kwa darubini ya angani ya Spitzer kwa muda wa saa 33. Upande wa mchana ulionyesha nyuzi joto 940 hivi za Selsiasi, na upande wa usiku 700 hivi. Sehemu yenye joto kali zaidi katika ramani ile haikuwa chini ya nyota. Ilikuwa imesogea mashariki kwa karibu digrii 30, na digrii 30 ni saa mbili. Sayari ile ina kilele chake saa nane mchana.

Nimeamua kujenga jedwali kwenye kompyuta yangu ya mpakato ili nione kwa hesabu zangu mwenyewe jambo hilo linatokeaje.

Juni 15

Nimeigawa ikweta ya sayari katika safuwima 72, kila moja ikiwa na digrii 5. Safuwima ya 1 ni saa sita mchana, ya 19 ni machweo, kuanzia hapo hadi ya 54 ni usiku, na ya 55 ni mawio. Kila safumlalo ni hatua moja ya muda. Katika kila kisanduku kuna joto la hewa, na kanuni ina mambo matatu: joto linalopokelewa kutoka kwenye nyota, ambalo hupungua kadiri nyota inavyoinama, joto linalopotea kwenda angani, ambalo hukua kwa kipeo cha nne cha jotoridi, na upepo unaobeba hewa kutoka kisanduku cha magharibi kwenda cha mashariki.

Jaribio la kwanza limeharibika. Niliweka hatua za saa mbili mbili, na kufikia safumlalo ya 40 namba zilikuwa zinarukaruka, nyingine zikaonyesha baridi iliyo chini ya sifuri halisi, jambo lisilowezekana popote. Umeme ulipokatika saa tatu usiku nilikuwa bado sijaona kosa.

Juni 17

Kosa nimeliona nikiwa ndani ya daladala kutoka Uyole. Kila safuwima ina upana wa kilomita 7,070 hivi, na upepo niliouweka ni wa kilomita 2 kwa sekunde. Hewa hiyo huvuka safuwima nzima kwa dakika 59. Mimi, kwa kuweka hatua za saa mbili, nilikuwa naiambia hewa ipite visanduku viwili huku kanuni ikiitazama kana kwamba imetoka kwa jirani tu. Sasa kila hatua ni dakika 59 kamili, na kila kisanduku kinarithi hewa yote ya jirani yake wa magharibi, kisha ndipo hewa hiyo inapashwa au inapoa. Namba zimetulia. Hewa huzunguka sayari nzima kwa saa 71 hivi, na baada ya mizunguko mitatu jedwali halibadiliki tena.

Niseme kidogo juu ya upepo huo, kwa sababu kilomita 2 kwa sekunde ni namba ambayo mtu huisoma bila kuihisi. Barabara ya kutoka hapa hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 800, na basi hutumia siku nzima. Upepo ule ungeimaliza kwa dakika 7. Si namba ya kubuni: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, wakichunguza mwanga wa nyota uliopita katika sodiamu iliyomo kwenye ukingo wa sayari hiyo, walipima upepo unaozidi kilomita 2 kwa sekunde ukitoka upande wa mchana kuelekea usiku.

Julai 5

Haya ndiyo matokeo ya mwezi wa kwanza. Muda wa kupoa wa hewa nimeuweka saa 11 na robo, ambao ndio muda upepo wa kilomita 2 kwa sekunde huchukua kusafiri umbali sawa na nusu kipenyo cha sayari.

Bila upepo wowote, kilele hukaa safuwima ya 1, saa sita kamili, na upande wa usiku huendelea kupoa bila kikomo, kwa kuwa jedwali langu halina joto linalotoka ndani ya sayari. Ninapouwasha upepo, kilele kinasogea mpaka kati ya safuwima ya 5 na ya 6, digrii 23 hivi, yaani saa saba na nusu. Ninapouongeza upepo mara mbili, kinafika safuwima ya 9, karibu digrii 40, yaani saa nane na dakika arobaini. Ili nipate saa nane ya Spitzer inanibidi niweke upepo wa kati ya kilomita 2.5 na 3 kwa sekunde.

Nilikaa muda mrefu nikitazama matokeo hayo kwa furaha, kisha nikaona jambo lililonituliza. Nikiuacha upepo ulivyokuwa mwanzo na kuongeza muda wa kupoa mara mbili, kilele kinakwenda safuwima ileile ya 9. Jedwali haliwezi kutofautisha upepo mkali na hewa inayochelewa kupoa, kwa sababu linaona uwiano wa mambo hayo mawili tu. Kwa hiyo ramani ya joto peke yake haipimi upepo, na ndiyo sababu kazi kama ile ya Warwick ina thamani kubwa: inaupima upepo wenyewe bila kupitia joto.

Swali la kwa nini upepo uvume kwenda mashariki badala ya kusambaa pande zote kutoka penye joto, jedwali langu halilijibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeliamuru hivyo. Adam Showman na Tristan Guillot walilitabiri jambo hilo mwaka 2002, miaka mitano kabla ya ramani ya Spitzer. Mwaka 2011 Showman na Lorenzo Polvani walieleza chanzo: tofauti kubwa ya joto kati ya mchana na usiku huzalisha mawimbi makubwa ya hewa yaliyoinama upande wa kaskazini na wa kusini, na mwinamo huo husukuma mwendo kuelekea ikweta, ukilisha mkondo wa mashariki bila kukoma.

Julai 20

Nimeweka kihisi cha joto nyuma ya nyumba ili nipate kilele cha Mbeya cha kulinganisha. Siku za mwanzo kilele kilikuwa kinaangukia karibu saa kumi, nami nikashangaa, mpaka nilipogundua kwamba nilikifunga karibu na ukuta wa bati unaopigwa na jua la alasiri. Sasa kimo ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya nguzo, mbali na ukuta. Katika siku zisizo na mawingu kilele kimekuwa kati ya saa nane na saa tisa, hata katika kipupwe hiki ambacho asubuhi wanafunzi huingia darasani wakiwa na makoti mawili.

Agosti 3

Leo nimerudi kutoka Tukuyu, na njiani nimepata namna ya kuieleza sayari WASP-76 b kwa wanafunzi wangu. Mtu anayepanda kutoka Kyela kwenda Rungwe huona jinsi hewa yenye unyevu wa Ziwa Nyasa inavyopanda mlima, inavyopoa na kumwaga mvua nyingi huko Tukuyu, kisha upande wa pili, bonde la Usangu linabaki kavu. Hewa imefika Usangu ikiwa imeshatua mzigo wake njiani.

WASP-76 b, ambayo upande wake wa mchana una zaidi ya nyuzi joto 2,400, hufanya hivyo kwa chuma. Mwaka 2020 timu ya David Ehrenreich, ikitumia kipimo cha ESPRESSO kwenye darubini kubwa zilizoko Chile, ilionyesha kwamba mvuke wa chuma upo kwenye ukingo wa jioni lakini hauonekani kwenye ukingo wa asubuhi. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba upepo hubeba mvuke huo hadi usiku, ambako hupoa na kuganda kuwa matone. Ukingo wa jioni ndio Tukuyu, na ukingo wa asubuhi ndio Usangu.

Napenda namna walivyofikia jambo hilo. Hakuna aliyeliona tone. Walikiona chuma mahali pamoja na kukikosa mahali pengine, na katikati ya hapo kuna usiku. Vivyo hivyo, ninaposoma kwamba kwenye HD 189733 b kunanyesha vioo kwa ubavu, najikumbusha kwamba kilichopimwa, kwa darubini ya Hubble, ni rangi ya buluu ya sayari. Chembe za silika zinazotawanya mwanga wa buluu ni maelezo ya rangi hiyo, na mvua ya ubavuni ni hitimisho linalotokana na chembe hizo kukutana na upepo ule.

Agosti 24

Moshi wa kuchoma nyasi umeufunika mlima Loleza kwa wiki mbili, lakini kazi ya ndani haihitaji anga safi. Nimeongeza joto la nyota kwenye jedwali ili nione sayari zenye joto kali zaidi zinakuwaje. Kadiri hewa inavyokuwa ya moto, ndivyo inavyopoa haraka: ukizidisha jotoridi mara mbili, muda wa kupoa unapungua mara nane. Kilele kikarudi karibu na saa sita, na tofauti ya mchana na usiku ikawa kubwa kupita kiasi.

Usiku wangu, hata hivyo, una kasoro. Darubini ya James Webb iliipima WASP-43 b, ambayo mwaka wake ni saa 19.5, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha mchana wa nyuzi 1,250 hivi na usiku wa 600 hivi, huku usiku ukiwa na mawingu mazito. Jedwali langu lina usiku mtupu. Wingu la usiku hufanya kazi ya blanketi, kama wakulima wa viazi wa Uporoto wanavyojua kwamba baridi ya kuunguza majani huja usiku ambao anga ni tupu.

Septemba 14

Sayari nyingine, CoRoT-2 b, imenisumbua wiki nzima. Mwaka 2018 Lisa Dang na wenzake walionyesha kwamba kilele chake kiko magharibi, digrii 23 hivi. Kwa saa zetu hiyo ni saa nne na nusu asubuhi, kana kwamba chungu kimechemka kabla ya moto kuwaka. Nilibadilisha alama moja ili upepo uvume kwenda magharibi, na jedwali likatii mara moja, likanipa kilele pale pale. Utii huo ndio unaonisumbua, kwa sababu jedwali linalokubali kila ninachoamuru halijaeleza lolote. Maelezo yaliyopendekezwa ni matatu: huenda sayari haijafungwa bali inajizungusha polepole zaidi, huenda usumaku wake unauzuia mkondo wa mashariki, au huenda mawingu yamefunika upande wa alasiri na kuficha joto lake. La tatu ndilo ninaloweza kulijaribu, nami nimeanza kwa kupunguza joto linalotoka katika safuwima za 5 hadi 18, huku upepo ukibaki wa mashariki.

Baada ya hapo nitaijaribu HD 80606 b, ambayo mwaka wake ni siku 111 na njia yake ni ya duaradufu ndefu mno, hata joto inalopokea inapokuwa karibu kabisa na nyota ni zaidi ya mara 800 ya lile la mbali. Spitzer iliiona ikipanda kutoka nyuzi 500 na kitu hadi 1,200 na kitu kwa saa 6. Hiyo itanilazimu kubadilisha nguvu ya nyota kwa kila safumlalo, na kuziachia safuwima zenyewe zizunguke chini ya nyota. Safumlalo za siku tano za mwisho kabla ya sayari kuikaribia nyota nimeshaziandaa.