Kodi ya ngoma

Jumanne nimetoka shifti ya usiku, macho mekundu, nafungua mlango nakuta Mama Salma yuko mezani na karatasi mbele yake. Chai hakuna. "Baba Salma, hizi pauni 40 na kitu ni za nini?" Nikajua mzigo wangu umefika.

Kisa ni chapuo, ile ngoma ndogo. Nilimtumia binamu yangu Kilifi shilingi elfu tisa akanunue kwa fundi, akaituma kwa ndege, na kwenye fomu akaandika zawadi akidhani ameniokoa. Hapa Uingereza zawadi ikipita thamani ya pauni 39 inalipiwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 20, na hawahesabu bei ya ngoma peke yake, wanajumlisha na nauli ya ndege, halafu kampuni iliyoleta nayo inakukata pesa yake ya usumbufu. Nyie wa Kilifi pigeni hesabu wenyewe. Kodi peke yake inakaribia kununua chapuo ya pili!

Sasa mke wangu si mkorofi, niseme ukweli. Tunakaa nyumba ya vyumba viwili, mvua nje, watoto wawili ndani, na ngoma zangu zilikuwa tayari tano: msondo, ile ndefu, nyuma ya mlango, vumi, ile kubwa ya sauti nzito, chini ya ngazi, chapuo juu ya kabati, na tari mbili, zile za kushika mkononi, ukutani. Hii ya juzi ndiyo ya sita. Anasema wageni wakija wanauliza kama tuna kikundi. Nikamwambia kuna wanaume hapa wanakula pauni mia mia kwa kubeti kila mwezi na hawana hata kijiti cha kuonyesha. Akanijibu, "Kwa hiyo nishukuru?" Hoja hiyo msiitumie, haifanyi kazi.

Kosa langu kubwa lakini si pesa, ni friza. Chapuo ya kwanza ilipofika niliona unga laini wa mbao chini yake, kila nikifuta asubuhi unarudi, yaani kuna mdudu ndani anakula taratibu. Nikasoma kwamba makumbusho wanagandisha vitu vya mbao kuua wadudu, na friza ya kawaida ya nyuzi 18 chini ya sifuri inafaa ukiacha wiki mbili. Nikaifunga kwa plastiki mara tatu, nikatoa samaki, nikaiingiza. Sikumwambia mtu. Mama Salma akafungua akitafuta pweza aliobebewa na shoga yake kutoka nyumbani, akakuta kitu kimefungwa kama maiti ya mtoto. Ukelele ule jirani wa juu aliteremka kuuliza kama tuko salama. Lakini mdudu alikufa, hilo nalo lihesabiwe.

Na wanaotaka kuja huku na ngoma kwenye begi, nisikilizeni. Zile ndefu za Uganda, engalabi, mara nyingi zimewambwa ngozi ya kenge, na kenge yuko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini, usibebe bila kuulizia kibali maana utaiacha airport na pengine na faini juu. Ngozi ya mbuzi au ng'ombe pia uliza kwanza. Na usiiweke karibu na hita! Majira ya baridi nyumba inawashwa moto, hewa inakauka, mbao inapasuka usiku unasikia tap! kama mtu amevunja kijiti. Nimepoteza tari moja hivyo. Kiangazi ndio kinyume, unyevu, ngozi inalegea mpaka inalia kama ndoo. Nyumbani wapigaji wanawasha makuti, wanasogeza ngoma motoni kidogo, ngozi inakazika, mchezo unaendelea. Mimi hapa natumia drayer ya nywele ya mke wangu. Unapuliza kwa mbali, unazungusha, unagonga kwa kidole: du, du, du, halafu ghafla sauti inapanda, ti! Nikiisikia hiyo ti saa nne usiku jikoni nasahau kabisa kwamba kesho naenda kusukuma vitanda vya wagonjwa. Naigonga mara moja tu, jirani ana mtoto.

Basi Jumanne hiyo nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikamwambia, Mama Salma, Wapokomo walikuwa na Ngadji, ngoma yao ya heshima kule Tana River, wakoloni wakaichukua, iko British Museum tangu 1908, na muda mwingi imelala stoo. Wao wanaruhusiwa kuweka ngoma zetu stoo, mimi kuweka sebuleni ndio makosa?

Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda. Akamimina chai (chai ilikuwepo kumbe) akasema, "Na ile vumi uliyoinunua kwa yule mzee wa Kaloleni, kikundi chao sasa kinapiga nini?"

Sikuwa na jibu. Mzee alikuwa na shida ya karo, nikatoa elfu kumi na tano, nikafurahi kwamba nimepata kitu cha zamani chenye alama za mikono ya watu. Sikuuliza. Halafu akaongeza kingine, kwamba nilipokuwa kijana ngoma zikipigwa kwetu mimi nilikuwa napita mbio kuwahi Arsenal kwenye banda la video. Ni kweli tupu. Kuwamba ngoma nimejifunzia Leicester, kwenye simu.

Usiku nikampigia binamu. Kikundi kilikuwa kinaazima vumi kijiji cha pili, wakilipa na soda. Nimeshatuma pesa fundi awachongee mpya, mzinga mzuri, ngozi ya ng'ombe, na kuanzia sasa naagiza mpya tu kwa fundi, vya wazee sigusi. Mama Salma amekubali hiyo ila ameweka sharti: sita, isizidi hata moja, na friza ni ya samaki.

Nimekubali. Kuna msondo wa pili uko gereji kwa jamaa yangu Coventry tangu Januari. Mama Salma kama unasoma, ule ni wa yule jamaa.