Uzito uko kwenye mkono unaochapa

Ukiwauliza mashabiki wa roki nzito ni mpiga gitaa gani anayewazidi wenzake wote, utatajiwa wapiga solo, wale wanaotamba peke yao kwa noti za haraka katikati ya wimbo. Utasikia Eddie Van Halen, Jimmy Page, Randy Rhoads, na sibishi, kwa sababu vidole vya watu hao vilifanya maajabu. Jibu langu mimi ni Malcolm Young wa bendi ya AC/DC. Jukwaani macho ya watu yalikuwa kwa mdogo wake, Angus, aliyevaa sare ya shule na kukimbia huku na huko. Malcolm alisimama nyuma karibu na ngoma, akasogea mbele kuitikia kiitikio kwenye maikrofoni, kisha akarudi mahali pake. Bendi nzima ilikwenda kwa mkono wake wa kulia.

Gitaa lake lilikuwa Gretsch la mwaka 1963, alilolipata akiwa bado kijana. Alilivua vinasa sauti vyake akabakiza kimoja tu, kile cha karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungiwa mwilini, na gitaa likabaki na matundu wazi mbele. Alifunga nyuzi nene ambazo wengi wangezikimbia. Wengi hudhani sauti ya AC/DC ina mkwaruzo mwingi. Sikiliza tena kwa vipokea sauti vizuri. Ni safi kuliko ulivyoizoea kichwani, na ukali wote unaousikia unatoka kwenye namna anavyochapa, si kwenye mashine.

Chukua ule wimbo uliobeba jina la albamu ya Back in Black. Kwanza toazi linahesabu, na chini yake gitaa linakwaruza kidogo, nyuzi zikiwa zimezibwa na kiganja. Kisha pigo moja zito. Kimya. Mapigo matatu mafupi. Kimya. Mengine matatu. Halafu Angus anashuka na kijimstari chake kifupi, na mzunguko unaanza upya. Katika zile nafasi tupu Phil Rudd anaendelea na ngoma yake bila papara, na kichwa chako kinaanza kutikisika kabla hujakiruhusu. Nimeusikiliza wimbo huu miaka na miaka na bado ninachokisubiri ni zile nafasi. Gitaa likikatika, mwili wangu unajaza pengo.

Na kumbuka albamu hiyo ilitengenezwa wakati gani. Bon Scott, mwimbaji wao, alifariki Februari 1980. Julai mwaka huohuo albamu ikatoka, Brian Johnson akiimba, jalada likiwa jeusi kwa ajili ya msiba. Bendi iliyofiwa ingeweza kujaza kila sekunde kwa kelele za uchungu. Wao walipunguza. Wimbo wa kwanza unaanza na kengele inayolia polepole, na gitaa halina haraka ya kuingia.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyeniingiza kwenye muziki huu, hakubaliani nami hata kidogo. "Sasa mdogo wangu, ukiondoa solo unabaki na nini?" Huniuliza hivyo kila mara, na yeye ni mtu wa bendi ya Iron Maiden damu damu. Basi mimi humjibu kwa Iron Maiden yake. Unabaki na Steve Harris, mpiga besi wao. Besi inayopigwa kwa vidole vitupu, pigo moja refu na mawili mafupi, refu na mafupi mawili, mwendo wa farasi anayekimbia. Magitaa mawili yanaimba kwa pamoja juu yake na mwimbaji Bruce Dickinson anapaa mpaka kwenye dari, lakini hayo yote yamepanda juu ya mgongo wa besi. Ondoa solo kwenye albamu yao ya 1982 na bado utaimba rifu zote, ile mistari mifupi ya gitaa inayojirudia. Ondoa ule mwendo wa Harris uone kama kuna wimbo uliobaki.

Asili ya mambo haya yote, kwangu, ni Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Habari yake wapenzi wa muziki wa metali wanaijua, lakini kuna sehemu yake ambayo naona watu wanaipita haraka. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha vyuma mjini Birmingham, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo vidole hivyo ndivyo vya kubonyezea nyuzi. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyeungua mkono motoni na bado akapiga solo zake kwa vidole viwili. Iommi akaenda kuyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akaifinyanga iwe vifuniko vya vidole, akavivika ngozi kutoka kwenye koti kuukuu. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye, kwenye albamu ya 1971, akazilegeza gitaa nzima nusu-toni tatu chini ya kawaida.

Sehemu inayopitwa haraka ni hii: vidole vile viwili havihisi uzi. Anabonyeza kwa kuangalia na kwa kusikia. Naamini ndiyo maana noti za Iommi zinasikika kama amezipima kwanza. Sikiliza wimbo wa kwanza kabisa wa albamu yao ya kwanza, ile ya Februari 1970 waliyoirekodi kwa siku moja. Mvua, kengele, kisha noti tatu. Ya kwanza, halafu ileile oktava moja juu, halafu ya tatu ambayo inakataa kupatana nazo, na Iommi anaitetemesha huku ikining'inia. Ni noti tatu tu, kwa mwendo wa jeneza, na bado zinatisha baada ya zaidi ya nusu karne. Bendi nyingi zilizokuja baadaye zilipiga kwa kasi mara nne na kwa sauti mara kumi, na sijui hata moja iliyotisha kuliko hapo.

Naipenda Birmingham hiyo kwa sababu nyingine pia. Bendi ya Judas Priest inatoka hukohuko, na wakati wa kurekodi albamu yao ya 1980 hawakuwa na mashine za kunakili sauti kama zilizopo leo. Walipotaka mlio wa vioo, walivunja chupa za maziwa. Walipotaka nyayo za viumbe wa chuma wanaotembea kwa safu, walitikisa trei ya visu na uma mbele ya maikrofoni. Ukishalijua hilo, utausikia wimbo wao wa Metal Gods kwa masikio mengine: kila hatua ni vyombo vya mezani vikigongana, kweli kabisa, ndani ya nyumba ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Ringo Starr. Na John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin, kwenye wimbo wa mafuriko unaofunga albamu yao ya nne, ngoma zake ziliwekwa chini ya ngazi za jumba la zamani na maikrofoni zikatundikwa juu, ili ngazi zenyewe zirudishe mwangwi. Huo ndio uzito ninaouzungumzia. Una chumba ndani yake.

Sasa, msidhani nachukia kasi. Albamu ya Metallica ya 1986 nikiiweka asubuhi, siku yangu imenyooka. Lakini hata pale sisikilizi kasi, nasikiliza kifundo cha mkono wa James Hetfield. Mpiga gitaa wa kawaida akitaka kwenda mbio huchapa chini, juu, chini, juu, maana ndivyo mkono unavyopumzika. Hetfield anachapa chini tu, chini, chini, chini, kiganja kimelala juu ya nyuzi karibu na daraja, kwa kasi ambayo akili haikubali. Tofauti inasikika. Pigo la kwenda juu huwa jepesi kidogo, na ukilichanganya na la chini unapata mwendo laini unaoteleza. Ukichapa chini tupu, kila pigo lina uzito uleule na ukuta haupasuki. Niliwahi kujaribu kwa gitaa la kuazima, taratibu kabisa, na misuli ya mkono ikawaka moto kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Na bado, katikati ya wimbo ule wa zaidi ya dakika nane uliobeba jina la Master of Puppets, wanasimama. Mkwaruzo unaondolewa kwenye magitaa, mwendo unashuka, unaingia muziki mpole ambao unaweza kumbembelezea mtoto. Nisipopewa hiyo pumzi, ile hasira inayofuata isingenigusa. Cliff Burton, mpiga besi wao, alifariki Septemba mwaka huohuo kwa ajali ya basi Sweden. Kwenye albamu iliyofuata, ya 1988, karibu huisikii besi kabisa. Nyimbo zake nazipenda, lakini nikiisikiliza mpaka mwisho masikio yangu yanatafuta kitu cha kukanyaga na hayakipati.

Kwa kasi wako pia Slayer, albamu yao ya 1986: dakika 29 hivi, haina hata sekunde ya ziada, na Dave Lombardo ni mpiga ngoma anayestahili makala yake mwenyewe.

Kinachonichosha ni rekodi zinazoogopa ukimya. Miaka ya 2000 ilikuja na ugonjwa wa kubana sauti ili kila kitu kiwe juu muda wote. Metallica wenyewe, kwenye albamu yao ya 2008, walitoa nyimbo nzuri zilizobanwa hadi sauti zikapasuka, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilikuwa zinapumua vizuri zaidi kuliko kwenye CD. Kama pigo la ngoma na mnong'ono vina kimo kimoja, hakuna kilicho kizito tena. Bendi nyingi changa nazo zinashusha nyuzi chini kupita Iommi, zinaongeza nyuzi ya saba na ya nane, kisha zinajaza kila upenyo. Nawasikiliza kwa heshima, wengine ni mafundi wa kweli, lakini nawaomba waache mlango wazi kidogo.

Tarehe 5 Julai 2025, Black Sabbath walipanda jukwaani kwa mara ya mwisho kwenye uwanja wa Villa Park, Birmingham, wote wanne wa mwanzo. Bill Ward, mpiga ngoma wao, hakuwa amepiga nao tangu 2005. Ozzy Osbourne aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi, na tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Walianza na War Pigs. Kama hujawahi kuusikiliza wimbo huo kwa makini, beti zake zimejengwa hivi: Iommi anapiga mapigo mawili, anaacha. Linabaki toazi peke yake, na sauti ya mwimbaji. Mapigo mawili tena, anaacha. Mle mlimoachwa wazi ndimo uwanja mzima ulimoingia, maelfu kwa maelfu, wanaimba mstari kwa mstari pamoja na Ozzy, na Iommi, na vifuniko vyake vidoleni, anawasubiri wamalize ndipo achape tena.