Pantoni yangu, nusu toni chini

Mwaka 2011 niliandika kipande cha okestra ya nyuzi nikakiita "Pantoni". Nilikuwa mwalimu wa kwaya mwenye kinanda kimoja na kiburi cha kutosha, naishi Kigamboni, Dar es Salaam, kila alfajiri navuka maji kwa pantoni (kivuko) kwenda Magogoni. Daraja halikuwepo, lilikuja kufunguliwa 2016. Ukisimama pale unasubiri geti, ukasikia honi, ukaona watu wanavyokimbilia ndani na baiskeli na ndoo zao, halafu injini ikaanza kuvuma chini ya miguu mpaka meno yanagongana, unajiambia huu muziki umeshaandikwa, kazi yangu ni kunakili tu.

Nilinakili vibaya.

Tulikijaribu mara moja, wapigaji watano, ukumbi wa kanisa. Kufika baa ya 9 (baa za muziki, si za Sinza) kijana wa vayolini ya pili akashusha upinde. "Mwalimu, hizi nota mbili nazipiga kwa pamoja?" Nikamwambia ndiyo, kwa pamoja. "Mbona zote ziko uzi mmoja?" Nilikuwa nimemwandikia A flati ya chini (flati ni nota iliyoshushwa nusu toni) na C juu yake. Uzi mnene wa vayolini ni G, unaofuata ni D. A flati na C zote zinakaa katikati hapo, yaani hazina pengine pa kupigwa isipokuwa uzi wa G, na uzi mmoja hautoi nota mbili kwa wakati mmoja. Kwenye kinanda mkono wangu wa kushoto ulikuwa unazipiga huku nakunywa chai.

Haijapita dakika mbili, dada wa viola naye (viola ni kama vayolini kubwa, yenye sauti ya chini zaidi). Nilikuwa nimempa ukurasa karibu mzima wa C, C, C. "Mwalimu, mimi hapa niko kazini au nasubiri pantoni?" Walicheka wote, nikacheka na mimi, nikakusanya karatasi zangu. Bahasha ile sikuifungua tena kwa miaka 12.

Niliikuta 2023 nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Flashi yenye faili ilishapotea zamani, zimebaki karatasi tu, na masika ya mwaka fulani yalishapita juu yake. Ilinibidi nizipige upya nota moja moja kwenye MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandikia muziki. Leo naona kupotea kwa flashi ile kulinisaidia: ningekuwa na faili ningefungua, nikasikiliza, nikaona aibu, nikafunga. Lakini kuiandika upya kila nota kunakulazimisha ujibu umeiweka hapo kwa nini, na mara nyingi jibu lilikuwa "sijui, mkono ulikuwa umefika".

Kilichonipa moyo ni Benjamin Britten, mtunzi wa Kiingereza. Alipokuwa na miaka 20 alichukua vipande alivyotunga akiwa mtoto wa miaka 9 hadi 12, akavitengeneza upya kuwa "Simple Symphony" ya okestra ya nyuzi, ikapigwa mara ya kwanza Norwich mwaka 1934. Akaitabaruku kwa Audrey Alston, aliyemfundisha viola utotoni. Nikasema kama yeye hakuona haya kurudi kwenye daftari la utoto, mimi naona haya ya nini? Na hilo la viola nililichukua kama kijembe.

Ugonjwa wa kipande niliuona nikiwa ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeandika kwaya. Soprano nimempa vayolini ya kwanza, alto vayolini ya pili, sauti ya teno viola, besi chelo, na besi kubwa anamfuata chelo nyuma nyuma kama mtoto aliyeshika kanga ya mama. Wote wanaanza pamoja, wanamaliza pamoja. Nilihesabu: kati ya baa 142, viola alipumzika baa 3. Kwaya inaponyamaza tunajua, watu wanameza mate, wanapumua. Nyuzi hazimezi mate, basi nami sikuwahi kuzinyamazisha. Ukisikia sauti tano bila kukoma kwa dakika sita, masikio yanachoka kabla hujajua kitu gani kinakuchosha.

Ila kilichobadilisha kila kitu ni ufunguo, yaani skeli ambayo kipande kizima kinasimamia. Kipande kilikuwa A flati, flati nne. Kwa nini? Kwa sababu masoprano wetu walikuwa wanakaa vizuri hapo, na vidole vyangu vilishazoea. Safari hii nilichukua karatasi nikaorodhesha nyuzi tupu za okestra nzima, yaani nota za nyuzi zisipobonyezwa kidole. Vayolini: G, D, A, E. Viola na chelo: C, G, D, A. Besi: E, A, D, G. Katika skeli ya A flati zinazoingia ni G na C tu, nyingine zote zinakaa kama wageni wasioalikwa. Katika skeli ya G zinaingia zote. Zote! Na uzi mtupu hata usipoguswa unaitikia nota za ndugu zake zinapopigwa, ala nzima inavuma. Kumbe ule mvumo wa injini niliokuwa nautafuta kwa kumjazia dada wa watu ukurasa wa C ulikuwa umelala kwenye mbao zenyewe, nusu toni tu chini yangu.

Nikashusha kila kitu kwa kubonyeza mara moja. Ile sehemu inayoiga honi ya pantoni ikapona papo hapo: sasa chelo anavuta G na D kwa pamoja bila kubonyeza kidole, besi anaweka G chini yake, basi. Ila kwenye vayolini ya pili nota 11 ziligeuka nyekundu. Programu inakuonya ukivuka uwezo wa ala. Zile G za chini zilizokuwa zinapanda kwenda A flati sasa zimekuwa F shapu (nusu toni chini ya G), na vayolini haina F shapu hiyo, uzi wake wa mwisho ni G. Chini ya hapo ni mbao.

Nilikaa na zile nota 11 usiku mzima. Nilitaka kuzipandisha oktavu, zikapoteza uzito. Ndipo nikamkumbuka aliyeko kituoni tangu 2011. Nikazihamishia kwa viola, na kwa kuwa amezichukua nikaona apewe na zinazotangulia, halafu na zinazofuata, mwisho wimbo mzima wa katikati ukawa wake, vayolini zikibaki kudonoa nyuzi kwa kidole kama watu wanaokimbilia geti.

Mengine yalikwenda haraka. Nota iliyovutwa baa 12 kwa nguvu nimeigawa, kwa sababu upinde una urefu wake na ukivuta kwa nguvu unaisha upesi. Wanaopiga sehemu moja wanageuza upinde kwa kupokezana, kama wanakwaya wanavyoibia pumzi. Hilo nalijua tangu utoto, sijui kwa nini sikulivusha. Mwisho wa kelele, baa nane za vishindo, nimeukata. Pamoja na mengine niliyopunguza, kati ya baa 142 zimebaki 96. Na kompyuta niliacha kuiamini: inapiga viola kwa sauti kubwa kuliko binadamu yeyote, haichoki, haikosei, ilinisifia hata pale pabovu.

Mwezi uliopita tulikusanyika Upanga, wapigaji saba, besi hatukupata. Joto la Dar tunalijua na unyevu wake, vigingi vya vayolini moja vilikuwa vimeng'ang'ania, nusu saa ilipotea kwenye kukaza nyuzi. Feni inapeperusha nota, mtu akatoa vibanio vya nguo kwenye mkoba. Dada wa viola ni yule yule, sasa kichwa kina mvi kidogo. Sikumwambia chochote.

Baa ya 31 vayolini zikaanza kudonoa. Akaingia na ile F shapu, uzi wa C, kidole kimekaza, akaiacha ipande kwenye G tupu, na chelo pembeni yake ikavuma yenyewe. Aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akashusha upinde, akachomoa penseli kwenye nywele, akaandika kitu juu ya mstari wake.

"Mwalimu, turudie kuanzia 31," akasema. "Na hiyo feni izimwe."