Juu ya nini

Jumatano jioni shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, lilisali kwetu, hapa Kadutu, Bukavu. Umeme ulikuwa umekatika, tukasoma Mathayo 6 kwa mshumaa. Tulipofika penye kusameheana, kiongozi akamgeukia koko, bibi yangu, akasema Mkristo anayelia mpaka leo kwa ajili ya Kasika bado hajasamehe. Damu ilinichemka. Koko hakupandisha sauti.

“Mi nilisha kusamehe. Lakini bakuje banielezee juu ya nini.” Yaani waje wamweleze ni kwa nini.

Tarehe 24 Agosti 1998, kule Kasika, Mwenga, askari waliua padri, masista na waumini parokiani, wakaendelea vijijini. Dada wawili wa koko walikuwa kati ya waliouawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliorodhesha matukio mazito 617 nchini mwetu Kongo, tangu 1993 hadi 2003, na Kasika imo. Koko hajaitwa mbele ya hakimu yeyote, hata siku moja.

Usiku sikupata usingizi, nikafungua Yohana 18. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza, aliuliza: “Wanipigia nini?” Kumbe naye alitaka kuelezwa juu ya nini! Na ni huyo huyo aliyewaombea msamaha waliomsulubisha wakiwa bado wanagawana nguo zake. Kwa nini basi tunawanyamazisha wajane na yatima kwa Injili hiyo hiyo? Inaniuma kwamba anayeambiwa asamehe ni koko kila mara, na mbele za watu, huku waliomkosea hakuna anayewauliza kitu.

Wanaomhukumu hawajui anachofanya kila Agosti. Huweka akiba ya pesa za nia ya Misa kutoka kwenye sambaza anazouza, wale samaki wadogo wa ziwani, anampelekea sekretari wa parokia karatasi ya majina. Mwaka huu macho yamechoka, ameniomba nimnakilie. Karatasi ya zamani imelainika kama kitambaa. Majina 14. Mawili ni ya watoto ambao sikuwahi kusikia akiwataja.

Nilipofika mwisho aliniambia, “Ongeza: na wale askari, popote walipo.” Nilimwangalia. Alikuwa anachambua maharagwe, hata hakuinua kichwa.

Misa ni Jumapili. Majina 14 nimeshayaandika vizuri kwa wino wa bluu. Mstari wa mwisho bado sijauandika, na koko hajaniuliza.