Jinsi nilivyofungua ufito wa kuvulia uliokwama kwenye kiungo
Ufito wa kaboni ambao marehemu baba alivulia trauti katika mto Gura, na ambao mpini wake ungali na alama ya kidole gumba chake, ulikuwa umekaa kabatini hapa Nairobi miaka mingi ukiwa umekwama kwenye kiungo, pale vipande vyake vinapochomekana. Mafuta hayakusaidia, wala kuusokota, jambo lililokaribia kung'oa kipete cha kupitishia mshipi.

Hatimaye mimi na mke wangu tulivaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, tukatazamana, kila mmoja mkono mmoja juu ya kiungo na mwingine chini yake, tukavuta kwa unyoofu bila kusokota hata kidogo, kwa kuwa nyuzi nyingi za kaboni hulazwa kwa urefu wa ufito. Ukafunguka kwa mlio mdogo. Nilifuta vumbi jeusi, nikapaka nta ya mshumaa kwenye ncha inayoingia.