Hodi ya pili

Jana jioni mtu kapiga hodi getini, binti yangu kaitikia karibu, mgeni alivyofika mlangoni na mimi nikaitikia karibu tena. Mtoto akaniuliza, "Mama, kwani nilivyosema mimi haikutosha?" Nikacheka mpaka mgeni akahisi anachekwa yeye. Mimi akili ilikuwa imeshafika Ng'ong'ona, Dodoma, kwenye chumba nilichokuwa nimepanga.

Chumba chenyewe ukifunga dirisha joto, ukifungua vumbi lote la Dodoma linahamia kwenye kibodi. Nilikuwa nahangaika na KVM, ile sehemu ya Linux inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, ila yangu ilikuwa mashine ndani ya mashine ndani ya mashine. L0 ndo kompyuta yenyewe, L1 mpangaji wake, L2 mpangaji wa mpangaji. Enzi hizo kwa prosesa za Intel hiyo ya ndani ya ndani unaiwasha mwenyewe kwa kuandika nested=1, kuja kuwaka yenyewe ni mpaka Linux 4.20. Prosesa haina habari kama kuna L2, kwake mgeni (mashine yoyote ya ndani) ni mgeni tu, kwahiyo intarapti ya L1, yaani ishara ya kumkatiza mtu kazi, ikija L2 akiwa kazini, L0 ndo anaigiza, anamtoa L2, anamrudisha L1, anajifanya chuma ndo kimefanya hivyo.

Sasa ile kodi (ya kompyuta, yaani maandishi ya programu, ya chumba inakuja) ilikuwa inaitikia mara mbili. Kwanza kabla mgeni hajarudishwa kazini: kuna intarapti, L1 anaitaka? Toa L2. Afu mbele kidogo, kwenye fankisheni, kipande cha kodi cha kujibu tu kama intarapti inaingizika sa hivi, mtu kaandika yaleyale na L2 anatolewa humohumo. Fankisheni ya ndio au hapana inahamisha watu! Mistari 11. Nikaweka printk hapo, iandike ujumbe kila ikipitiwa, nikaipigia L2 ping (ujumbe wa mtandao wa kuuliza upo?) usiku kucha, asubuhi dmesg, ujumbe unapotokea, kimya kabisa.

Nikaiselekti yote, ikawa bluu. Kidole kipo juu ya delete, hakishuki. Hodi. Nikakaa kimya. Hodi tena, "We binti, kodi yangu!" Na mimi akili ipo sehemu moja tu: je kama L1 ndo kwanza kapiga VMRESUME, amri ya kumrudisha L2 kazini, na L2 hajaingia? Huyo huwezi kumtoa, unamtoaje mtu ambaye bado anavua viatu mlangoni. Nikafuata na kalamu kwenye daftari, ile sehemu ya kwanza ya kodi ikikuta hivyo inajibu subiri na kila kitu kinasimama hapo, ya pili haifikiwi. Hodi ya tatu sasa ni ya ngumi.

"Shikamoo mama, nakuja!"

"Marahaba. Kodi."

Nikafuta, nikasevu, ndo nikafungua.

Ilibuti, L2 akaamka, ping ikajibu, na ile mistari haijarudi mpaka leo. Ila aliyeiandika sidhani kama alikuwa mjinga, labda kuna usiku aliona kitu ambacho printk yangu haikukutana nacho.

Mtoto nilimjibu ilitosha, sirudii tena. Sa hivi kuna mtu anagonga geti, mtoto yuko bafuni anaimba, na mimi nimekaa nasubiri aitikie.