Kwanza afundishwe kusimama

Kabla hujalipa ada ya klabu yoyote ya trampolini, nenda ukae pembeni uangalie kipindi kizima. Mimi nilifanya hivyo huku Mikocheni, na kilichonishawishi ni foleni: trampolini moja, anaruka mtoto mmoja, wengine wamekaa wanasubiri zamu.

Kwenye sherehe zetu za bethdei trampolini hujazwa watoto kama daladala ya Mbagala jioni. Hatari yenyewe ndiyo hiyo. Mzito akitua, turubai linamrusha yule mwepesi kwa nguvu asiyoitarajia, na mara nyingi anayevunjika mkono ni yule mdogo.

Baraka wangu alikwenda na majivuno yake. Anapiga samasoti kwenye mchanga wa Coco Beach, basi akajua atawaonyesha. Kocha akamwambia, "Dogo, leo unajifunza kusimama." Miguu ikigusa turubai, kunja magoti na nyonga, mikono mbele, tulia hapohapo. Karibu kipindi kizima kikaishia hapo, maana kocha akisema "simama!" mtoto akaendelea kudunda, hamna kingine atakachofundishwa. Mchanga unameza nguvu yako. Trampolini inakurudishia sehemu kubwa. Wale wa Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, hupaa karibu mita 8.

Baadaye ndiyo yakaja ya kuruka: chini chini, juu ya alama ya msalaba katikati, macho yakitazama ukingo wa mbele na siyo miguu. Halafu kukunja magoti kifuani, kugeuka nusu, kutua kwa kukaa. Hapo kwenye kukaa angalia viganja: viwe kando ya makalio, vidole vielekee miguuni. Vikielekea nyuma, kiwiko ndicho kinachoumia.

Hereni, bangili, saa, vyote vivuliwe. Soksi zivaliwe, vidole visinase kwenye nyuzi. Kama mtoto ana pumu au aliwahi kuvunjika, mwambie kocha mapema, usione haya. Na kushuka ni kwa kukaa ukingoni kisha kuteremka. Akizoea kurukia sakafuni, magoti yatamlipisha.

Kuna kipindi cha watu wazima pia, nami nikapanda. Wamama wenzangu mliozaa, nendeni chooni kwanza. Sisemi zaidi.

Baba Baraka haelewi. "Unalipa hela mtoto akakae foleni?" Kila Jumamosi tukirudi swali ni lilelile: ameshapindua? Hajapindua. Anajifunza kutua kwa mgongo, kidevu kimebanwa kifuani, na kocha amesema samasoti itakuja kwa mkanda wa kamba na mtu wa kumshika. Ada ya mwezi ujao nimeshalipa.